Kalibu ya Orrin

Bonde la Bitterroot, Montana
11 Agosti 1996

Shemeji Delmar,

Natumaini goti lako limepoa na dada yako hakulazimishi tena kula kabichi. Huku sisi ni wazima, mimi na Marit, kama watu wawili waliozoea kuandaa sahani tatu wanaweza kuitwa wazima. Jana niliitoa tena ile ya tatu. Niliirudisha kabatini haraka, lakini binti yangu ameshaona.

Nina shida moja, na nimeona wewe, rafiki wa marehemu mume wangu, ndiye wa kuambiwa. Marit anataka kuwinda elki kwa bunduki ya baba yake msimu utakapofunguliwa mwisho wa Oktoba. Unaijua bunduki ile. Mtutu wake ni mpana kidogo kuliko ilivyotakiwa, na Orrin alikuwa akisema risasi za dukani zinapita humo zikiyumba kama mlevi kanisani. Inakubali tu vile vichwa vya risasi alivyovisubu mwenyewe bandani kwa kuyeyusha madini ya risasi. Vimebaki arobaini na kimoja. Vimo ndani ya kopo la kahawa, vimefifia rangi, na ndivyo vya mwisho kutoka mkononi mwake.

Marit aliniomba kopo lile wiki iliyopita. Nikamwambia hapana.

"Mama, baba alivitengeneza vipigwe. Hakuvitengeneza vikae kwenye kopo."

"Na vikiisha?"

"Vikiisha vimeisha, mama. Hata yeye ameisha."

Nilimwambia atoke jikoni kwangu. Ana miaka thelathini na mmoja na alitoka kama mtoto wa miaka saba, akiburuta miguu. Hatujazungumza vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo nimeamua kusubu vichwa vipya mimi mwenyewe. Usicheke. Nimemtazama mtu akifanya kazi hiyo miaka thelathini na nne kupitia dirisha la jikoni, ila sikuwahi kuuliza kitu. Niambie ninunue nini, kimoja kimoja.

Vyombo vyake havipo. Mwezi wa Mei nilitandaza vitu uani viuzwe, na siku hiyo sikuwa na akili yangu. Watu waliondoka na chungu cha umeme, na upawa, na nusu ya banda, mimi nikiwaambia chukueni, chukueni. Na kalibu yake ya kusubia vichwa nayo haipo, ile ya alumini yenye mishikio ya mbao iliyoungua upande mmoja. Nimetafuta kila mahali. Nadhani ilikuwa kwenye sanduku la vyuma chakavu, na ni mimi niliyemkabidhi mtu nisiyemjua, tena nikamshukuru. Hilo limenikaa kooni, Delmar, halishuki.

Wako,
Verna


Custer, South Dakota
19 Agosti 1996

Shemeji Verna,

Sikucheka. Nilitabasamu kidogo tu, halafu dada akaniuliza nina nini.

Haya, tuanze na chungu. Watakuonyesha cha umeme chenye bomba chini, unainua mpini risasi iliyoyeyuka inamiminika yenyewe. Kizuri, lakini kinadondoka kama pua ya mtoto wakati wa baridi. Wewe unaanza, nunua sufuria ndogo ya chuma kizito, jiko la gesi la kambini, na upawa wenye mdomo pembeni. Orrin mwenyewe alianza hivyo. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena maisha yake yote, hata kwa kuchemshia yai.

Nunua kipimajoto kirefu. Nunua glavu za ngozi zinazofika karibu na kiwiko, na miwani ya kukinga macho. Viatu vifunike vidole. Fanya kazi nje chini ya upenu wa banda, upepo ukitoka mgongoni mwako, ili moshi uende zake. Usinywe kahawa hapo. Ukimaliza nawa mikono na nguo hizo zifuliwe peke yake, maana risasi haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Na maji, shemeji. Hili nakuandikia polepole ulisome polepole. Tone moja la maji likizama kwenye risasi iliyoyeyuka, chungu chote kinakurukia usoni. Usitumbukize kitu chenye unyevu. Mawingu yakikusanyika, zima jiko uende ukaoke mkate.

Madini utayapata kwa mafundi wa matairi, vile vipande wanavyosawazishia magurudumu. Orrin alikuwa akiwapelekea lefse zako, zile chapati za viazi, wanampa ndoo nzima. Vikishayeyuka, tia kipande cha nta ya nyuki kama kidole gumba na ukoroge, uchafu utapanda juu uuondoe. Ile harufu unaijua.

Kalibu nunua mpya, ya chuma. Ni nzito na inachelewa kupata moto, na usipoipaka mafuta itapata kutu, lakini inasamehe. Alumini haisamehe. Ukikosea mara moja, kosa linabaki humo milele na kila kichwa kitakachotoka kitalibeba. Ile ya zamani achana nayo, usijitese kuitafuta. Vitu huenda vinapokwenda.

Msalimie Marit. Mwambie mjomba Del amesema mama ndiye mkubwa hata akikosea.

Delmar


Bitterroot
30 Agosti 1996

Shemeji Delmar,

Nimepata sufuria, jiko, upawa, glavu na miwani. Marit alinikuta nimevaa vyote sebuleni nikijaribu.

"Unakwenda mwezini, mama?"

Tukacheka, mara ya kwanza mwezi huu. Halafu akashika ile glavu, akainusa. Mpya haina harufu yoyote. Aliiweka chini, akaenda kulisha farasi.

Fundi wa matairi wa mjini alinijazia ndoo na hakutaka hata lefse. Alisema Orrin alikuwa akikaa pale kwenye tairi bovu akimsimulia mambo ya kiwanda cha mbao, na siku hizi tairi lile hakuna anayelikalia.

Tatizo ni kalibu. Niliwapigia simu watu watatu. Kalibu ya kipimo cha bunduki ile haiuzwi madukani, inachongwa kwa kuagizwa, na wa karibu kabisa amesema Desemba. Msimu utakuwa umekwisha. Marit akasema, kwa sauti ya upole iliyoniuma kuliko kelele, "Basi ni kopo, mama, au nibaki nyumbani." Kama ningejua kutunza kitu kimoja tu cha mume wangu, tusingefika hapa.

Wewe ulikaa naye bandani miaka mingi. Humjui mtu yeyote mwenye kalibu kama ile, hata ya kuazima?

Nimeizoea ile ya Orrin. Ilikuwa na kishimo upande wa ndani, na kila kichwa kilitoka na kinundu begani, kidogo kama chembe ya mtama. Alikuwa akikaa jioni na kisu kidogo akivikwangua kimoja kimoja huku akiimba bila maneno. Miaka yote hiyo nilimtania kwa kosa lake. Nilimwita Mikono ya Mbao, hata mbele ya wageni. Hakuwahi kujibu, alicheka tu.

Nikuambie jambo lingine ambalo Marit nimemficha. Unakumbuka alivyokuwa akigonga? Akishamimina, anagonga bawaba ya kalibu mara mbili kwa kile kirungu cha mbao, ko, ko, kichwa kinaanguka kwenye taulo. Tangu Machi, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nikiwa naosha vyombo, nasikia ko, ko kutoka bandani. Mara ya kwanza nilikimbia na povu mikononi. Banda lilikuwa limefungwa, na ndani hapakuwa na mtu. Siku hizi humo kuna alama tu ya masizi mezani, mahali alipokuwa akiilaza kalibu. Sasa sikimbii. Nafunga bomba nisikilize. Inaanza kama saa nane, inakwisha kama saa kumi.

Usimwambie dada yako, atanitumia mchungaji.

Verna


Custer
9 Septemba 1996

Shemeji,

Nimechelewa kujibu. Goti.

Kwenye kifurushi hiki kuna vichwa hamsini vya kipimo chenu. Kuna mtu nimemwomba. Mpe Marit, kopo la Orrin libaki lilipo. Usinishukuru.

Banda la zamani hugongagonga lenyewe, mbao zinapopata jua.

D.


Bitterroot
17 Septemba 1996

Delmar,

Kifurushi kimefika. Nilikifungua juu ya meza ya jikoni.

Vinang'aa. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Vya Orrin kwenye kopo vimekuwa vya kijivu kama majivu baridi, kwa sababu ni vya mwaka jana. Hivi vyako vinang'aa kama kijiko kipya. Vimesubiwa majuzi tu.

Kisha nikavaa miwani ya kusomea. Kila kimoja kina alama ya kisu begani, mahali palepale. Mtu amevikwangua kwa uangalifu sana. Lakini kimoja kilikuwa kimejificha kwenye mkunjo wa gazeti, na hicho, kisu hakikukifikia. Nikachukua cha Orrin kutoka kwenye kopo, kimoja alichokuwa hajakikwangua bado, nikaviweka pamoja kwenye kiganja. Chembe mbili za mtama. Ungefumba macho ukavigusa kwa kidole, usingejua kipi ni cha marehemu.

Nilikaa chini. Kwa muda kidogo niliamini jambo ambalo sitaliandika.

Nani amevisubu, Delmar?

Verna


Custer
4 Oktoba 1996

Verna,

Ni mimi. Kalibu ninayo.

Nimeandika barua hii mara nyingi, na kila nilipofika hapo nikachana. Safari hii nimeanza na hilo ili nisiweze kurudi nyuma.

Siku ya mazishi nilishindwa kukaa sebuleni na watu na ule mkate wa nyama. Nikaenda bandani. Ilikuwa juu ya meza yake, imelazwa kama alivyoiacha. Niliichukua niishike tu. Kuna mtu aliniita kwamba gari linaondoka, nikaitia mfukoni mwa koti. Nilipofika Custer ilikuwa bado mfukoni. Nilisema nitakupigia simu kesho yake. Kesho yake nikasema Jumapili. Baada ya mwezi ikawa wizi.

Kuna jingine, la zamani zaidi. Kile kishimo si kosa la Orrin. Ni langu. Ilikuwa mwaka 1969, mlikuwa na Marit wa miaka minne. Alinipa kalibu nijaribu, nami nilikuwa nikipiga domo kuhusu yule msichana wa kantini ya kiwandani. Tone la risasi lilikuwa limegandia kati ya pande mbili, sikuliona, nikaibana kwa nguvu zangu zote. Nilisikia ikilia. Ilikuwa mpya kabisa, uliyomnunulia wewe kwa ushonaji wako. Wakati huohuo ukaingia na kahawa, ukaiona, ukasema, "Ni nani huyo mwenye mikono ya mbao?" Kabla sijafungua kinywa akasema, "Mimi, mama. Nimeiharibu mwenyewe."

Ulipotoka nikamwambia nitakueleza. Akasema, "Acha bwana. Mimi ananisamehe kwa lazima, tumeoana. Wewe atakukumbuka kila ukija kula."

Nikaacha. Ukamtania miaka ishirini na saba, na mimi nikala kwako kila Krismasi nikicheka pamoja na wengine.

Nilifikiri nikiwa nayo labda nitapata fundi wa kuliziba lile shimo. Nimepata mmoja, akasema haiwezekani bila kulipanua tundu lote. Basi nikaanza kusubu. Kila Jumamosi, dada akienda kwa wajukuu zake, saa nane mpaka saa kumi. Sina bunduki ya kipimo hicho. Nikimaliza natia vichwa vyote sufuriani nayeyusha upya, naanza tena wiki inayofuata. Nagonga mara mbili kama yeye. Nilipoisoma ile barua yako ya Agosti nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi baridi ikanirudisha ndani. Nilikudanganya kuhusu mbao na jua kwa sababu niliogopa.

Delmar


Bitterroot
9 Oktoba 1996

Delmar,

Nilipekua majani nyuma ya banda kwa mikono. Nilimpigia simu kila mtu aliyekuja uani mwezi wa Mei, nikamwomba radhi mwanamke mmoja kwa kumshuku. Nilimnyima mwanangu kopo la baba yake kwa sababu yako. Nilikuandikia kwamba hilo limenikaa kooni, nawe ukanijibu kuhusu glavu.

Irudishe.

Verna Tollefsrud


Custer
12 Oktoba 1996

Hii hapa. Ni safi na nimeipaka mafuta. Kirungu chake pia, kilikuwa mfuko wa pili. Kwenye mshikio wa kushoto kuna alama ya kidole gumba chake katika masizi, sikuifuta.

Ipashe moto pole pole. Vya kwanza vitatoka na makunyanzi kama ngozi ya mzee, usikate tamaa, virudishe sufuriani.

Delmar


Bitterroot
5 Novemba 1996

Shemeji Delmar,

Kalibu ilifika siku tisa kabla ya msimu kufunguliwa. Niliiweka mezani bandani, ikakaa ndani ya alama yake ya masizi bila kubaki nafasi hata ya unywele. Nilishindwa kuigusa siku nzima. Siku ya pili ilikuwa Jumamosi na jua kavu, nikavaa mavazi yangu ya mwezini.

Vya kwanza vilitoka na makunyanzi, kama ulivyosema. Kumi na viwili vyote vibovu. Marit alikuwa amesimama kwenye mlango.

"Mama, unamimina kama unamnywesha ndama. Mimina kama mtu mwenye haraka."

"Umejulia wapi wewe?"

"Nilikuwa nakaa hapa na baba, wewe ukiwa dirishani."

Kumbe. Basi akavaa glavu za pili, akashika mishikio, mimi nikamimina. Kuanzia cha kumi na tatu vilikuwa vizuri, vimejaa mpaka kwenye kingo. Tulisubu jumla ya mia mbili na kumi katika siku mbili. Jioni tulikaa na visu vidogo jikoni tukikwangua vinundu, na hapo nikamwambia kisa chako chote. Alimaliza kukwangua kile alichoshika, akasema, "Kwa hiyo baba alikuwa anakwangua kosa la mjomba Del kila jioni, nawe unamcheka." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na alikuwa anaimba."

Hilo la kuimba ndilo limenipata. Nina hasira na wewe bado, kidogo, mahali fulani chini ya mbavu. Lakini nimegundua nyingine ni yangu. Miaka ishirini na saba ya Mikono ya Mbao, na sina wa kumwomba radhi. Yeye kumbe hakuwa anavumilia utani wangu tu. Alikuwa amewaweka watu wake wawili mezani bila kugombana, na kisu chake kilikuwa ndiyo gharama yake. Ningejua, ningemletea kahawa ya pili.

Marit aliondoka na vichwa ishirini siku ya kufungua. Amerudi na kumi na tisa. Ni elki jike, mnono. Moyo tuliukaanga na vitunguu usiku ule kama alivyopenda baba yake, na nilitoa sahani tatu makusudi, na Marit aliijaza ile ya tatu. Kifurushi cha mguu wa nyuma kinakuja kwako na basi la Alhamisi, mwambie dada asikichemshie kabichi.

Kopo halijaguswa. Vimo arobaini na kimoja, na juu yake nimeweka kile chako kimoja chenye kinundu.

Sasa sikiliza. Tangu ulipoituma kalibu, Jumamosi tatu zimepita. Mbili za mwisho sikuwa na kazi bandani. Niliosha vyombo, nikafunga bomba, nikasikiliza. Kimya. Nilikwenda mwenyewe nikagonga kirungu kwenye meza mara mbili. Haikuwa yenyewe. Nilikuwa najua ni mimi.

Vichwa tulivyo navyo vitamtosha Marit mpaka awe bibi. Kwa hiyo utaikuta kalibu pamoja na barua hii, kwenye lile lile taulo ulilolitumia kuifungia, na kirungu pia. Usiifiche dada yako wala mtu yeyote. Mtu akikuuliza, sema ni ya Orrin na mkewe amekuazima. Na usikwangue vinundu hivyo tena, viache vianguke vilivyo.

Jumamosi saa nane nitakuwa jikoni. Redio nitaizima.

Verna